Upande wa Pili wa Cherehani

Mkasi ulimtoka Waithira mkononi saa nne asubuhi, Jumanne moja ya Aprili mwaka wa themanini na sita, akiwa katikati ya kukata kaptula ya khaki. Akainama kuuokota. Hakuinuka.

Sahra, mwenye duka ambalo Waithira alikuwa akishonea kwenye veranda yake, alisikia kishindo akadhani ni gunia la sukari limeanguka. Akatoka akiwa tayari kumgombeza mtu. Alipomwona fundi amelala juu ya khaki, mdomo umekwenda upande, alipiga ukemi uliowatoa watu sokoni. Mkokoteni wa viazi ukamwagwa viazi, fundi akapakiwa, na ndivyo alivyofikishwa hospitali ya wilaya, miguu ikining'inia.

Daktari alisema ni kiharusi. Watu wakasema ni stroki. Mama mmoja wa kanisani akasema ni macho ya watu, maana Waithira alikuwa akishona sare za shule tatu peke yake, na katika mji wa Eldoret wivu hauhitaji nauli. Vyovyote iwavyo, baada ya wiki tatu alirudishwa chumbani kwake mtaani Huruma. Mguu wa kulia ulikuwa ukiburuta lakini unakwenda. Mkono wa kulia ndio uliokataa. Ulilala mapajani kama mgeni asiyejua atakaa mpaka lini.

Sasa, majirani. Hapa lazima niseme ukweli: hakuna mtu aliyetunzwa vizuri kama Waithira, na hakuna kitu kilichokaribia kummaliza kama utunzaji huo. Alikuwa mjane, hakujaliwa mtoto, kwa hiyo wapangaji wote wa plot ile walimfanya mtoto wao. Mmoja alimwogesha, wa pili alimsuka nywele, wa tatu alimlisha ugali kwa kumega tonge na kumtilia mdomoni. Akinyoosha mkono wa kushoto achukue kikombe, sauti tatu zinaruka pamoja: "Wuui, Fundi, wacha! Tuko hapa kwa kazi gani?" Huko kwetu mgonjwa akionekana ameshika ufagio, aibu si yake, ni ya jirani. Sahra naye kila jioni alikuja na chai ya maziwa yenye iliki na habari za mjini, akaketi kitandani akamfunga Waithira kilemba vizuri.

"Usiguse kitu, dada," alikuwa akimwambia. "Mungu amekupa likizo."

Likizo! Mwanamke aliyeanza kukanyaga cherehani akiwa na miaka ishirini, akamzika mume huku oda za Januari zikimngoja, leo anapewa likizo ya kukaa akitazama ukuta. Waithira alitabasamu kwa ule upande wa mdomo uliokuwa mzima. Usiku alilia.

Na mwezi wa Juni ikaja barua. Ilitoka Kinangop kwa Zachariah, kaka yake mkubwa. Waithira aliisoma mwenyewe, polepole, akiwa ameikandamiza kwa kiwiko juu ya meza isimtoroke. Kaka aliandika kwamba habari za ugonjwa zimemfikia, kwamba damu ni damu, kwamba dada yake hawezi kukaa mjini akilishwa na watu baki. Chumba alikuwa amemtayarishia, pale pale nyumbani. Angekuja mwenyewe kumchukua mwisho wa Novemba, akishavuna. Cherehani ingeuzwa huko huko Eldoret maana kusafirisha chuma hicho ni taabu bure.

Majirani waliposomewa walipiga makofi. "Ona ndugu! Wengine wangejifanya hawajasikia." Waithira akasema asante Mungu, kwa sababu hilo ndilo mtu husema. Ndani ya moyo alijiona wazi kabisa: kiti kinatolewa nje asubuhi aote jua, kiti kinarudishwa ndani jioni, na wifi anauliza kwa sauti ya upole kama amekunywa uji. Mpaka lini? Mpaka aitwe. Na hangeweza kukataa. Kaka akikuita nyumbani nawe ukasema hapana, umemvua nguo mbele ya watu. Aliyebaki na nafasi ya kumkataa kaka yake ni mtu mwenye kazi yake, anayesimama kwa miguu yake. Miezi mitano. Ama mkono ushone kabla ya Novemba, au Kinangop.

Basi ndiyo maana Alhamisi alikuwa hakosi hospitali, mvua inyeshe isinyeshe. Kule nyuma ya wadi za akina mama kulikuwa na banda la mabati, na ndani yake msichana mrefu kutoka Kakamega aitwaye Rosebella. Kazi yake iliitwa tiba ya kazi. Watu hawakuelewa maana yake, wakamwita daktari wa mikono. Alikuwa na mipira ya raba, vijiti vya kuchomeka kwenye matundu, na sufuria la maharagwe ya kuchambua kwa vidole vigonjwa.

Waithira alivumilia Alhamisi nne. Ya tano akasukuma sufuria.

"Daktari, haya maharagwe nimeyachambua maisha yangu yote nikiwa mzima. Sasa hata stroki haikunipa nafuu?"

Mtu mwingine angekasirika. Rosebella aliketi. "Haya. Unataka mkono ufanye nini?"

"Ushone."

"Ushone nini? Vipi? Unaanza wapi?"

Waithira akafungua mdomo, akaona msichana anauliza kweli. Akaeleza: kanyagio, gurudumu la mkono pale kulia, kitambaa kinavyosukumwa. Rosebella akatikisa kichwa. "Mama, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi sijawahi kukalia cherehani hata siku moja. Nikikupa dawa ya kazi nisiyoijua nitakuwa nakudanganya. Iko wapi hiyo mashine?"

Ndivyo tiba ilivyotoka bandani ikaenda mjini. Wagonjwa wengine wawili waliosikia wakauliza, na sisi? Mmoja alikuwa Opiyo, seremala, aliyeanguka kutoka paa la nyumba mpya huko Kapsoya akavunjika mguu, ukaungana vibaya. Hangeweza tena kupanda ngazi, lakini mdomo haukuwa na kasoro yoyote. Wa pili alikuwa Mzee Kipkemboi wa Kapseret, mwenye ng'ombe sita wa maziwa, ambaye mashine ya kukata nyasi ilimchukua vidole vitatu vya mkono wa kulia. Yeye alikuwa na maneno machache na koti refu la kijeshi. Wakakubaliana: Alhamisi hii kwa Fundi, ijayo kwa Mzee, ijayo kwa Opiyo, halafu wanaanza upya. Mwenye kazi ndiye mwalimu siku hiyo. Rosebella anabeba daftari na kuuliza maswali.

Lakini kwanza alikwenda Huruma na kuwakusanya majirani. Aliwaambia wazi: kuanzia leo Fundi anajivalisha, anajiogesha, anakula kwa mkono wake, hata kama ugali utafika sikioni.

Sahra aliwaka. "Wewe ni daktari au ni adui? Tumwache mgonjwa ajikokote, na watu wanatuangalia? Watasema nini?"

"Watasema anapona."

"Wallahi watasema tumechoka naye!"

Waithira, ambaye tangu Aprili hakuwa amewapinga majirani kwa lolote, alisema kutoka kitandani, "Sahra, dada yangu, nipe kikombe changu. Nipe mimi." Sahra akampa. Chai nusu ikamwagika kifuani. Nusu iliyobaki aliinywa mwenyewe mpaka mwisho, na Sahra akatoka nje akijifuta macho kwa shela, huku akisingizia moshi.

Sijui kama umewahi kujifunga kanga kwa mkono mmoja. Ilimchukua asubuhi nzima siku ya kwanza. Kufikia Agosti alikuwa akijifunga kwa kuibana ukutani na nyonga, na kupika chapati, na kumenya viazi vilivyochomekwa kwenye msumari ambao Opiyo aliupigilia ubaoni. Mkono wa kulia nao ukaanza kusaidia kidogo: uliweza kulala juu ya kitu na kukikandamiza. Kushika, haukuweza. Rosebella alimwambia ukweli bila kupindua maneno, kwamba vidole hivyo huenda visirudi tena.

Na cherehani haikukubali. Ukikaa mbele yake, gurudumu liko kulia, na gurudumu ndilo linaloanzisha safari. Mguu unafuata tu. Waithira alijaribu kulifikia kwa mkono wa kushoto, akipitisha mbele ya kifua. Ilimbidi ajipinde, kitambaa kikaachwa yatima, mshono ukaenda kama njia ya mlevi.

Opiyo akasema hiyo ni kazi ndogo. Alikwenda akakaa wiki mbili, akarudi na kifaa cha mbao ya msonobari, kimepigwa msasa mpaka kinang'aa, chenye mikanda ya ngozi ya kufunga kwenye kiganja na ndoano ya kuzungushia gurudumu. Kilikuwa kizuri ajabu. Sahra aliita wateja waje kukiona. Waithira akafungwa kifaa, akasogeza bega, ndoano ikashika gurudumu, gurudumu likazunguka nusu, ndoano ikakwama, sindano ikavunjika, na kipande kikaruka kikampata Opiyo shavuni.

"Ulipima mkono wa nani?" Rosebella aliuliza.

Opiyo akatazama kiganja chake kipana, halafu cha Waithira. "Wangu," akasema.

"Seremala mzima, unapima mlango kwa nyumba ya jirani!" Sahra alicheka mpaka akashika nguzo. Waithira hakucheka. Alivua ile mikanda kwa meno, akafunika cherehani kwa shuka, akasema imetosha, msihangaike, ilikuwa Oktoba tayari. Kaka anakuja. Kila mtu ana sehemu yake duniani, na yake labda ni Kinangop. Alisema hivyo bila machozi, na hapo ndipo Rosebella alipoogopa kweli.

Kana kwamba shida hazijatosha, siku hiyo hiyo msaidizi wa chifu alitokea. Miaka ile watu watano wakikaa pamoja kila wiki, na mmoja anaandika daftarini, lazima habari ifike mahali. Akasimama na fimbo yake. Mkutano wa nini? Laiseni iko wapi? Opiyo, damu ikimchuruzika shavuni, akamwambia, "Afande, huu ni mkutano wa miguu na mikono. Ajenda ni sindano." Yule bwana akasoma daftari lote, ukurasa kwa ukurasa, kuhusu viazi na vifungo na chuchu za ng'ombe. Mwishowe akauliza kwa sauti ndogo kama kuna mtu anayeweza kumsaidia mama yake, aliyepooza tangu Krismasi na hajatoka ndani. Rosebella akaandika jina.

Wakati huo wote Mzee Kipkemboi alikuwa amekaa juu ya kreti ya soda akitazama cherehani iliyofunikwa. Msaidizi wa chifu alipoondoka, mzee akakohoa.

"Ng'ombe yangu moja inaitwa Tabutany," akasema. "Tangu zamani inakamuliwa na upande wa kulia. Mkono hii ilipokatwa, nikashindwa. Bibi akasema tuuze ng'ombe. Mimi nikahamisha stuli."

Watu wakangoja aendelee. Hakuendelea. Alikuwa amemaliza.

"Mzee," Rosebella akasema taratibu, "ng'ombe ilikubali?"

"Ilipiga teke wiki moja. Sasa inakubali."

Waithira alimtazama. Akatazama meza. Miaka ishirini na miwili alikuwa amekaa upande mmoja wa cherehani ile, na wote walioileta na kuitengeneza, na fundi aliyemfundisha, na fundi aliyemfundisha fundi yule, wote walikaa hapo. Hakuna aliyewahi kuzunguka. Akasimama bila fimbo yake ya kutembelea, akavuta shuka, akaburuta kiti mpaka upande wa pili, akaketi. Gurudumu lilikuwa hapo hapo, mkono wa kushoto.

"Lakini umeipa barabara mgongo," Sahra akasema. "Mteja atasalimia kisogo?"

"Tunageuza meza!" Opiyo akapaza sauti, na wote wakashika. Wakageuza meza na kila kitu chake mpaka Waithira akatazama barabara.

Siwezi kusema aliketi akashona gauni. Alilizungusha gurudumu kuelekea kwake kama alivyozoea, uzi ukajifunga fundo chini; kumbe kutoka upande huu lazima ulisukume liende mbali nawe. Nguo nayo, ambayo maisha yake yote ilikuwa ikimkimbia, sasa ilimjia mapajani. Mguu haukujua uanze na kisigino au na vidole. Alitukana kwa Kikuyu, akaomba msamaha kwa Mzee Kipkemboi, akatukana tena. Lakini kuna mambo yalikuwa matamu. Kile kijiti cha kuinulia kiguu kinachobana kitambaa, alichokipapasa kwa nyuma tangu ujana, sasa kilikuwa mbele ya macho yake. Na upana wote wa kitambaa ulilala upande wa mkono mgonjwa, na kazi ya mkono mgonjwa ikawa moja tu, kulala juu yake na kukandamiza. Kitu hicho ulikiweza. Ulikiweza vizuri.

Jua lilipofika upande wa pili wa barabara alikuwa ameshona mstari mmoja ulionyooka, urefu wa shubiri mbili, kwenye kitambaa chakavu. Aliukata uzi kwa meno, akauinua ule mshono juani. Rosebella aliutazama, akafunga daftari, akakaa chini sakafuni kwenye veranda na sketi yake nyeupe. "Ah," akasema. "Ah, Mama."

Ng'ombe alipiga teke wiki moja. Waithira alipiga mateke wiki tatu. Mkasi haukumkubali kwa mkono wa kushoto, ndipo Opiyo aliposhika mkasi mwenyewe, akasema anayejua kupima mbao anajua kupima khaki. Tangu kifaa kile alikuwa anapima mwili wa mteja mara tatu kabla ya kukata, hata mteja akaona kama anachukuliwa vipimo vya jeneza. Sahra alitunga uzi sindanoni kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Sare za kwanza zilitoka wiki ya tatu ya Novemba: sketi kumi na mbili, pindo zimenyooka.

Siku mbili baadaye Zachariah alishuka kutoka kwenye basi.

Alikuja akiuliza njia, mzee mnene kidogo mwenye kofia ya sufu na blanketi jipya chini ya kwapa. Waithira alimwona kabla yeye hajamwona. Mguu ukasimama juu ya kanyagio. Miezi yote aliyopigania kushona, hakuwa amefikiria ni maneno gani atakayosema, na sasa kaka alikuwa amesimama mbele ya veranda, watu wanatazama, Sahra ameshatoka na kiti na chai.

"Waithira," Zachariah akasema. "Unashona?"

"Nashona, mũrũ wa maitũ, mwana wa mama yangu."

Akaketi. Akanywa chai. Akauliza habari za mvua, akasifu maziwa ya Eldoret, akatazama gurudumu likizunguka kinyume. Blanketi lilibaki magotini mwake, bado na karatasi ya duka. Mwishowe akaweka kikombe chini.

"Basi nimekuja kama nilivyoandika. Basi la kurudi ni kesho asubuhi. Chumba chako kiko tayari."

Opiyo aliacha kukata. Sahra, ambaye mwezi wa Juni alikuwa amepiga makofi kuliko wote, alishika mlango wa duka lake. Waithira akaona mkono wake wa kulia umelala juu ya sketi ya mtoto wa mtu, ukikandamiza, kazini.

"Kaka, nisamehe. Siendi. Nakuheshimu na nimeshukuru, lakini kazi yangu iko hapa na nimeiweza. Ukiona nimekuaibisha, niaibishe na wewe. Lakini siendi."

Zachariah akavua kofia. Uso ukamkunjamana, mabega yakatikisika, na Waithira akafikiri, Ngai, Mungu wangu, nimemliza kaka yangu mbele ya watu.

"Mungu asifiwe," Zachariah akasema. Akafuta macho kwa kofia. "Mungu asifiwe sana, Waithira. Hakuna chumba."

"Nini?"

"Hakuna chumba. Hakuna hata nguzo. Tuko watu tisa kwa vyumba viwili, mvua ilikula viazi, mama ya watoto amelala na mgongo tangu Agosti. Niliandika kwa sababu kaka anaandika hivyo. Ningeandika nini? Kaa huko ufe? Kutoka Naivasha mpaka hapa nimekuwa nikijiuliza nitakulaza wapi. Nilifika Nakuru nikataka kushuka, nirudi. Nikasema hata stoo ya mahindi, nitaifagia."

Kuanzia Juni, usiku baada ya usiku, Waithira alikuwa amekaa ndani ya chumba hicho. Alijua dirisha lake lilivyokuwa dogo, alijua harufu yake, alijua sauti ya wifi mlangoni na uji. Akaanza kucheka. Alicheka kwa pande zote mbili za mdomo, ule mzima na ule uliopinda, mpaka Sahra akaja kumshika asianguke kitini. Zachariah naye akaanza, akijipiga goti, machozi bado yakimtoka.

"Basi hilo blanketi acha," Waithira akasema alipopata pumzi. "Na kesho urudi ukajenge hicho chumba."

"Cha nini tena, na umekataa kwenda?"

"Watoto walale," akasema, akasukuma gurudumu.